Mbwa Niliyemwita Kichaa

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, nilihama kutoka Iringa nikaja kuuza mitumba kijijini Chumbi. Mbwa wetu, Popi, ndiye aliyelinda mali.

Asubuhi moja nilikuwa napanga nguo kwenye meza nje ya nyumba. Popi akaja mdomo wazi, mate yanamchuruzika, huku akijikwaruza taya kwa mguu. Nikisogea, ananifuata. Wiki hiyo redio ilikuwa imetaja dalili za kichaa cha mbwa, na mimi nilikuwa nimewasimulia wateja kana kwamba mimi ni daktari.

Basi nikaparamia meza, mwanamume mzima, nikakanyaga magauni ya kuuza na kupiga mayowe kwamba mbwa ana kichaa. Popi alisimama chini akinitazama na kutikisa mkia.

Majirani wakafika na mapanga na michi. Mke wangu, Mama Neema, akawaambia, "Ngojeni kwanza. Jana usiku kala vizuri tu." Nikamwamuru anyamaze, eti hayo si mambo yake.

Majirani hawakukawia kummaliza Popi.

Jirani yetu, Mzee Mbonde, akamgeuza kwa fimbo ili amburute hadi shimo la taka. Mdomo ukaachama. Mwiba wa kambare ulikuwa umekwama kati ya meno na kutoboa ulimi. Watu wote wakauona.

"Huyu hakuwa na kichaa," mzee akasema taratibu.

Mama Neema akainua macho kunitazama. Nilikuwa bado juu ya meza.

"Alikuwa anakufuata wewe," akaniambia, "umtoe mwiba."