Sisi Akina Simjui

Nilipokuwa mtoto, darasa la pili kule milimani upande wa Matombo, mwalimu akiita "Simjui" tulikuwa tunasimama saba. Wengine wala hatukuwa ndugu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kuja, akadhani tunamfanyia mzaha. Ilibidi mwalimu mkuu amweleze kwamba huku ndivyo tulivyo, azoee tu.

Jina lenyewe alinieleza bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea. Siku hiyo alikuwa anakwangua magome ya mdalasini uani, na mimi nayapanga juani. Alisema zamani, mwaka wa ndui, ukungu ukishuka mchana kuna kitu kilikuwa kinasimama kwenye migomba na kuita watoto kwa majina yao kamili. Mtoto akiitika, jioni mwili unachemka, na wiki haiishi anazikwa. Bibi yake bibi alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu. Naye alipoitwa, mama akamziba mdomo, akajibu yeye kwa niaba yake: "Simjui." Kitu kikanyamaza. Kikaenda nyumba ya pili.

Tangu hapo mtoto yule akaitwa Simjui. Majirani walipoona amepona, kila mwenye kichanga akampa jina hilohilo, awe wa ukoo wetu asiwe. Ndiyo maana leo ukipanda kutoka Mkuyuni, muuza ndizi ni Simjui, fundi baiskeli ni Simjui, hata katekista ni Simjui. Watu wa mjini hudhani ni ukoo mmoja mkubwa. Kumbe ni woga mmoja mkubwa.

"Tukiwa wengi," bibi alisema, "kinachoita hakijui kimchukue nani."

Kisha akaacha kukwangua, akanitazama. "Na usidhani kinakuja na sauti ya kutisha, Zena. Kinakuja na sauti ya mtu wako. Ukisikia sauti unayoijua kwenye ukungu, hapo ndipo uogope."

Nilikuwa na miaka saba. Maneno kama hayo mtoto wa miaka saba hayasahau.

Baba yangu alikuwa Mnyaturu wa Singida, kibarua wa kiwanda mjini Morogoro. Nilipozaliwa alikuwa kazini, na alipopata ruhusa ya kuja milimani arobaini ilishapita, jina limeshatolewa na mimi nimeshahesabiwa kuwa mtoto wa huku. Hakugombana na mtu. Mgeni ukweni atagombana na nani? Lakini mdogo wangu Idi alipozaliwa Kihonda, kule mjini, baba alishikilia. Huyu ataitwa Ntandu, jina la babu wa Singida, na mambo ya migomba inayoita watu asiyasikie. Bibi alipoambiwa akasema, "Basi huyo kitamjua. Yuko peke yake."

Nilipoingia darasa la tatu baba na mama walinichukua nikaishi nao Kihonda. Nitasema ukweli, maana nimeshakuwa mtu mzima na aibu zimepungua: nilimwonea Idi wivu. Baba akirudi kazini aliita toka mlangoni, "Idi Ntandu!" kwa sauti nene ya majivuno, na mtoto anakimbia kumrukia. Mimi aliniita "wewe binti," tena kwa upole, kama mtu anayezungumza na mtoto wa jirani. Nilingoja siku aniite hivyo kwa jina langu, toka mlangoni. Sikuiona.

Likizo moja, mimi nina miaka kumi na Idi sita, tulipelekwa kwa bibi. Baba alisema atatufuata Jumamosi. Alhamisi asubuhi bibi akatutuma shamba la juu tukaokote karafuu zilizodondoka. Tulikuwa tumefikisha nusu ya kikapu ukungu uliposhuka. Wa kule haukupi nafasi. Unauona kwenye mabega ya mlima, unainama kuokota, ukiinuka huoni hata kikapu. Nikamshika Idi mkono, tukakaa chini ya mkarafuu tungoje upite. Ndege walinyamaza. Mpaka matone ya majani yaliacha kudondoka.

Ndipo tuliposikia. "Idi Ntandu!"

Ilitoka chini, upande wa njia. Ilikuwa sauti ya baba, tena ile nene ya majivuno, kama anavyoita akiwa mlangoni. Uso wa Idi ulichanua, akaanza kuinuka. Nikamvuta. Nikawaza: baba anakuja Jumamosi, leo Alhamisi. Nikawaza: sauti ninaijua. Ikaita mara ya pili, sasa karibu zaidi, na Idi akafungua mdomo kuitika. Nikamziba kwa kiganja, akaning'ata, sikumwachia. Nikajibu kwa nguvu zangu zote:

"Simjui!"

Kimya. Halafu nikasikia hatua, za mtu mzito, zinaondoka taratibu. Halafu mawe yakiporomoka, na baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Ukungu ulipopanda tukakimbia nyumbani. Nilimweleza bibi kila kitu, naye alinikumbatia, akaniambia nimemwokoa mdogo wangu. Sijawahi kujisikia mkubwa kama saa ile. Alasiri vijana wanne wakapita na baba kwenye machela ya miti. Walimkuta kwenye korongo chini ya njia, paja limevunjika, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi. Kiwanda kilikuwa kimesimama kwa siku chache, akaona atuwahi kabla ya Jumamosi; njiani akaambiwa tuko shamba la juu, akapanda kutufuata.

Bibi alinitazama juu ya vichwa vya watu, akaweka kidole mdomoni. Baadaye, wakimfunga baba vipande vya miti, nikamsikia bibi akinong'ona, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Hakusema kwa kukejeli. Alikuwa anatafuta pa kuiweka lawama ili isinikalie mimi, nami nilijua hivyo hata utotoni.

Baba alipona, ila mguu ulibaki mfupi, na kiwanda hakimtaki kibarua anayechechemea. Akafungua genge la kuuza mboga pale Kihonda. Jambo la kwanza alilofanya alipoweza kutembea lilikuwa kwenda kubadilisha jina la Idi. Idi Simjui. Milimani walicheka, wakasema mguu umemfundisha, sasa naye ameamini. Hakumjibu mtu.

Mimi nilikaa na siri yangu. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikazaa, na kila nilipoona baba anashuka kibaraza kwa kujishika ukuta nilisema moyoni, mguu ule ni mimi. Nilimkana baba yangu mzazi, nikamrudisha korongoni. Sikuwahi kumwambia hata mume wangu.

Mwaka jana, msimu wa mvua, mguu ulimsumbua sana. Nilikuwa nampaka mafuta ya moto jioni moja, tuko wawili, na maneno yakanitoka yenyewe. "Baba, siku ile kwenye ukungu, aliyejibu ni mimi."

"Najua," akasema. "Sauti ya mwanangu nisiijue?"

Nikabaki nimeshika mguu wake.

"Nilisikia unasema hunijui," akaendelea, polepole, anatazama dari. "Nikasema ana haki. Mtoto nimemwacha kwa bibi yake miaka yote ile, atanijuaje? Nikageuka nirudi chini. Machozi na ukungu, sikuona njia. Ndiyo maana nikambadilisha Idi jina. Nilitaka angalau wanangu muwe kitu kimoja."

Nilianza kulia. Nikamwambia haikuwa hivyo, kwamba tuliogopa tu, kwamba alipomwita Idi kwa jina kamili ndipo nilipokumbuka maneno ya bibi.

Baba aligeuza kichwa. "Nani alimwita Idi?"

"Wewe. Mara mbili. Idi Ntandu."

"Sikumwita Idi mimi," akasema. "Njia yote ile nilikuwa nakuita wewe. Zena, Zena, mpaka koo likakauka."

Usiku ule nilimpigia Idi simu, nikamuuliza alisikia nini, bila kumweleza sababu. Akasema, "Jina langu, dada. Mara mbili. Mpaka leo sipendi ukungu."

Nimeacha kutafuta jibu la nani aliyekuwa pale mkarafuuni. Wajukuu wangu wawili nimeshinikiza waandikishwe Simjui, na wazazi wao wamenuna, wanune tu. Linaloniamsha ni lile jingine. Baba yangu alipanda mlima mzima akiniita kwa jina langu, kitu nilichokingoja utoto wote, na mimi, nikiwa hatua chache kutoka kwake, sikumsikia.