Siku Mama Alipopanda Gurudumu

Mama yangu, Nakhumicha, ana maneno mengi kuliko nguvu. Magoti yalimkataa akiwa bado anauza mitumba Kimilili, na tangu hapo akajifungia nyumbani. Ukimwita harusini, magoti. Ukimwita matangani, magoti. Lakini mimi bintiye nilijua si magoti peke yake. Ni aibu ya kushikwashikwa mbele za watu.

Kwa hiyo alipokubali kuja Kisumu kumwona mtoto wangu mchanga, nililia. Akaweka sharti kwenye simu.

"Nakuja, Nelima. Na Debra nimemwahidi tutapanda ile gurudumu kubwa ya kuzungusha watu juu kule paki ya michezo, mimi na yeye. Nikishindwa hiyo siku, musiniite tena mahali. Nitakaa kwangu mpaka munizike."

Debra ni kifunguamimba wangu. Na mama akitoa neno kama hilo hatanii.

Shida ya kwanza ilikuwa malazi. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hampi mkono, hata uso hamtazami. Mume wangu, Waliaula, anayashika mambo hayo kuliko wazee wenyewe. Akamlipia mama chumba cha chini katika hoteli moja karibu na ziwa, akadhani amemaliza kazi.

Wapi! Asubuhi ya kwenda paki, dada wa mapokezi alitwambia, "Ni hapo tu, mama. Mnatembea kidogo." Watu wenye magoti mazima hunichekesha. Hiyo "hapo tu" yao ina mtaro usio na kifuniko, kokoto, na mwinuko ambao hata mimi huupanda nikihema. Gari la hoteli lilikuwa na ngazi ya juu mno. Kiti cha magurudumu kilikuwepo, lakini gurudumu moja la mbele lilitaka kwenda Kondele na jingine Dunga. Tukabaki na tuktuk ya Waliaula, ambayo ndiyo kazi yake.

Mimi nilikuwa na mchanga kifuani, nimejifungua kwa kupasuliwa, nimekatazwa kuinua hata ndoo. Mwenye mikono alikuwa Waliaula, naye alisimama nyuma ya tuktuk, ametupa mgongo, anatazama ukuta. Aliyetuokoa ni Lornah, anayesafisha vyumba hotelini. Alimkalisha mama kwenye kiti cha tuktuk kinyumenyume, kisha akamwingizia miguu mmoja mmoja.

Njiani mama na mkwewe waliongea kwa desturi yao, kupitia tuktuk.

"Wewe tuktuk, ambia mwenye kukuendesha apunguze. Hizi bampu zinaniua."

"Tuktuk, ambia Mama anisamehe," Waliaula akajibu, macho mbele. "Barabara ndiyo mbaya."

Debra alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiwaza kule Lornah hatakuwepo.

Askari wa paki alituhurumia, akaruhusu tuktuk iingie mpaka karibu na gurudumu. Mama alijisogeza akashuka mwenyewe, ameshikilia chuma cha mlango. Lakini ili ufikie viti vya gurudumu ilibidi upande vidato vya chuma. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Mguu ukagoma. Akajaribu mwingine, nao ukagoma. Kijana anayeendesha mtambo akanyoosha mikono amnyanyue, mama akamchapa kiganja.

"Wewe mtoto wa wenyewe, utanishika wapi?"

Watu kwenye foleni wakaanza kutazama. Mmoja akatoa simu apige picha. Nilimtolea macho mpaka akairudisha mfukoni.

"Nirudisheni hoteli," mama akasema kwa sauti ya chini. "Kesho munipeleke nyumbani."

Debra akamshika leso. "Kukhu, ni sawa. Si lazima."

Mtoto aliyekuwa amehesabu siku zote hizo anamwambia bibi yake si lazima. Hapo moyo wangu uliniuma kweli. Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa bado ametupa mgongo, lakini mabega yalikuwa yakitetemeka. Mwanaume mzima alikuwa akilia mbele ya tuktuk yake.

Mama naye aliona. Akakaza leso kiunoni.

"Waliaula," akaita.

Tangu mwanaume huyo anioe, mama hajawahi kulitamka jina lake.

"Waliaula, mwanangu. Kuja unibebe."

"Mama, siwezi. Ni mwiko."

"Mwiko ni wangu na wewe. Tutausafisha: tutatoa kuku, tutatoa blanketi, wazee watakula washibe. Kuja kabla sijabadilisha nia."

Alivua kofia, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja ameinamisha kichwa. Akambeba. Mama alikuwa amefumba macho, na Waliaula naye akafumba yake, ikabidi mimi niwaongoze wasije wakaanguka wote wawili. "Kidato. Kidato kingine. Basi, mkalishe."

Debra akakaa kando yake, gurudumu likazunguka. Nilimsikia mama akikemea mashetani kwa sauti kubwa mpaka walipofika juu kabisa. Huko akanyamaza. Debra alinieleza baadaye kwamba Kukhu alifumbua macho, akaliona ziwa lote, akasema tu, "Ee, Mungu wangu."

Wakati wa kumshusha, mama hakufumba tena. Akiwa mikononi mwa Waliaula alimtazama usoni kwa karibu, kama mtu anayesoma. Akaweka kidole juu ya nyusi yake.

"Hii kovu ni ya nini?"

"Nilianguka nikiwa mdogo, Mama."

"Na walikushona vibaya hivi? Mama yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshatuacha."

Mama alichukua upindo wa leso, akampangusa jasho, halafu machozi, polepole, kutoka paji la uso mpaka kidevuni. Tuktuk ilikuwa hapo hapo, mlango wazi. Waliaula hakumweka chini, na mama hakuomba awekwe.