Kinu cha Mama Mkwe na Mafuta ya Nazi

Usiku ule nililala na kinu chini ya kitanda, nimekizungushia kanga mbili kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Si kinu cha kutwangia. Ni kile kidogo cha kusagia pilipili manga, mwili wake wa mti, mpini wa kuzungusha juu, meno ya chuma tumboni. Kilikuwa cha mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, na asubuhi yake tulikuwa tunamsomea dua ya mwaka tangu afariki. Huku milimani pilipili manga hupanda miti karibu kila ua, kwa hiyo pilau ya dua yake isingeweza kutiwa pilipili ya dukani iliyokwisha kusagwa. Watu wangejua kwa harufu tu.

Na kinu kilikuwa hakizunguki.

Kosa lilikuwa langu, tena langu peke yangu. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, huku nimeolewa. Kwetu kila kinacholia au kukwama hutiwa mafuta ya nazi: bawaba, kufuli, cherehani, hata kichwa cha mtoto. Wiki moja kabla ya dua nilisikia kinu kinakwaruza, nikakiosha kwa maji ya sabuni, nikakimiminia mafuta ya nazi mpaka kikameremeta. Nilijiona hodari kweli kweli. Kulipokucha nikakikuta kigumu kama jiwe. Nilikivuta, nikakibana kati ya magoti, nikakigonga ukutani. Mume wangu sikumwambia.

Wifi yangu Zuhura alikuwa amefika siku tatu nyuma. Yeye ndiye binti pekee wa Bi Mwanahawa, lakini kinu hakupewa yeye, nilipewa mimi. Hakuwahi kulisema jambo hilo, na kule kutosema ndiko kulikoninyima raha. Kila alipousogelea mlango wa jiko nilimrudisha ukumbini. "Kaa, wifi, pumzika. Wewe mgeni." Akawa anarudi, uso umemvimba. Nikasema moyoni, huyu anajua, anangoja niumbuke mbele ya watu ili aseme yule wa pwani hakufaa. Nilimwogopa hata nikawa naacha sahani yangu imejaa.

Sijui nilisinzia saa ngapi. Ninachojua ni kwamba niko jikoni na kumekucha, mwanga mweupe wa ukungu umejaa mpaka ndani ya masufuria. Mama mkwe anaingia kwa mlango wa uani. Amevaa kanga yake ya kazi, ile iliyochakaa ncha, na ameshika ungo wa pilipili mbichi. Simwogopi hata kidogo. Nampa shikamoo, naye anaitikia marahaba nusu nusu kama alivyozoea, akili yake iko kwenye kazi.

"Kiko wapi?" anauliza.

Nikamwambia kipo, mama, nimekiweka mahali. Hakunibishia. Aliinama chini ya meza ya jikoni, na chini ya meza ile ndiko kulikokuwa chini ya kitanda changu, akakitoa pamoja na kanga zake mbili. Anakizungusha, hakiendi. Anakinusa kwa muda mrefu, macho amefumba. Kisha mabega yake yanaanza kutikisika. Ndivyo alivyokuwa akicheka enzi zake, bila sauti, mpaka umtazame mabegani ndipo ujue.

"Nazi," akasema.

Nililia pale pale. Nikamwambia nimekivunja, mama, ulinipa kitu kimoja tu na nimekivunja.

"Kimeganda. Huku si Tanga."

Basi. Maneno machache kama hayo, na mimi nikafuta machozi. Kwetu mafuta ya nazi yakiganda alfajiri, jua likipanda yanayeyuka yenyewe. Huku kipupwe kikiingia jua hulioni wiki nzima, na mafuta yalikuwa yameshikana na unga wa pilipili ndani ya meno. Kwa nini sikuliwaza hilo macho yangu yakiwa wazi, hata leo sijui.

Alikitia kwapani, ndani ya kanga, apate kukipasha joto. Tunatembea shambani sasa, kati ya miti yenye mipilipili iliyoikumbatia, naye anachuma kwa mkono mmoja bila kutazama. Nyayo zake haziachi alama kwenye tope, zangu zinaacha. Halafu miti ile ni nguzo za chandarua, nasi tumo chumbani mwake alimougulia, mipilipili imepanda hadi darini. Amelala, kinu kiko kifuani pake kama siku ile aliyonikabidhi. Anauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya mpini.

Mpini ukazunguka. Polepole kwanza, kisha nikasikia meno yanasaga.

Alinionyesha yaliyobaki kwa mikono. Nati ya juu inalegezwa, mtu mmoja akiwa ameshika mwili na mwingine anazungusha. Meno yanatolewa na kusuguliwa kwa mswaki mkavu. Yakisharudishwa, kinu kinasagishwa konzi ya mchele mkavu uondoke na mafuta na kutu, na unga ule unamwagwa. Maji kisipewe tena. Nami, mjinga wa mwisho, nikamwuliza nani atakishika, maana mimi niko peke yangu.

Hapo mabega yakatulia. Alinitazama kama alivyonitazama siku niliyochoma mboga mbele ya wageni wake, bila hasira, na bila kunionea haya pia.

"Kinu kitapona. Mbona umemfanya mwanangu mgeni jikoni kwangu?"

Nilitaka kusema nilimwogopa, lakini hakuningoja. Akaufunga mkono wangu juu ya kinu, na mkono wake ulikuwa na joto la kawaida kabisa, la mtu aliyekuwa karibu na moto.

"Yeye nilimfundisha, wewe nikakupa. Nilidhani mtatafutana."

Niligeuka kumtengea kigoda akae, na nilipogeuka tena alikuwa mlangoni, ungo kiunoni, pilipili zimekwisha kukauka na kuwa nyeusi. Akatoka kwenye ukungu kama anayekwenda kuanika.

Niliamka adhana inaita. Shuka lilikuwa limelowa machozi, lakini kifua kilikuwa chepesi, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilisikia njaa. Nikakitoa kinu chini ya kitanda. Kilikuwa baridi na hakizunguki, kama nilivyokiacha. Wala sikushtuka.

Zuhura alikuwa ukumbini, ameshaswali, amekaa kwenye kiti na mikono mapajani. Nilipiga magoti mbele yake nikamwekea kinu kwenye mikono ile.

"Wifi, nilikiosha, kisha nikakitia mafuta ya nazi. Kimeganda. Mimi sijui kukifungua, na nilikuficha kwa kuogopa. Nisaidie."

Alikiangalia. Akakipapasa mwili wote kwa kidole gumba, taratibu, nikadhani anatafuta nilipokigonga. Nilikuwa tayari kwa neno lolote.

"Siku tatu, wifi," akasema, na sauti ikamkatika. "Siku tatu umenikalisha kwenye kiti nyumbani kwa mama yangu."

Nikamwambia nisamehe. Aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni mbele yangu, kinu mkononi.