Nyumba Isiyotwanga

Kuna watu wakizeeka husifu zamani, kwamba watu walipendana, kwamba mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote. Mimi simo. Nilizaliwa katika kijiji kilichokuwa kando ya barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, wakati wa Wabelgiji, na ninachokikumbuka zaidi ni woga. Wakubwa waliogopa kapita wa pamba, yule msimamizi wa serikali, waliogopa fimbo, waliogopa buloko, yaani gereza. Mama yangu aliogopa zaidi lazareti.

Lazareti ilikuwa vibanda vya nyasi ng'ambo ya kijito, mbali na nyumba za watu, ambako serikali iliwaweka wagonjwa wa ndui. Mama alipokuwa msichana, mdogo wake alipelekwa huko. Ndugu hawakuruhusiwa kuvuka. Chakula waliweka juu ya jiwe upande wao wa maji, na mtu wa upande wa pili alikuja kukichukua. Siku moja mama alifika na chakula akakuta cha jana bado kipo juu ya jiwe, kimejaa siafu. Hakuna aliyekuja kuwapa habari. Walirudi nyumbani wakaanza kulia.

Sasa mdogo wangu mimi, mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia bila kuanguka, akashikwa na homa, na kulipokucha kifua chake kilikuwa kimejaa vipele vya maji. Bibi, mama yake baba, alimgeuza huku na huku karibu na mlango penye mwanga akasema ni tetekuwanga. Mama naye akasema ni tetekuwanga. Walilisema mara nyingi mno, kama watu wanaobembelezana. Mwanzoni ndui na tetekuwanga huweza kufanana, na muganga wa serikali aliyekuwa akipita vijijini hakuwa mtu wa kukaa kungoja tofauti ionekane. Akiona vipele, anabeba.

Baba alikuwa machimboni kwa Wazungu, kwa hiyo kazi ya kumtuliza mtoto ikawa yetu wanawake. Bibi alichemsha majani ya mpera, maji yakapoa hadi uvuguvugu, akamwosha taratibu kwa kiganja. Mama alikata majani ya mgomba, akayapitisha juu ya moto mpaka yakalegea, akatoa uti wa kati, akayatandika kitandani, maana mkeka ungeganda kwenye vidonda. Juu ya vipele tulipaka udongo mweupe uliokorogwa na maji. Kucha zake mama alizikata kwa meno, moja moja, huku mtoto akimpiga kichwani.

Hata hivyo alijikuna. Ndipo mama akarudi shambani siku moja na pamba ameificha kifuani. Pamba ile tuliilima sisi, tukaipalilia sisi, mgongo wa mama ulipinda kwa ajili yake, lakini kubaki nayo nyumbani hata konzi moja kulihesabiwa kuwa wizi. Nikikumbuka hilo hadi leo damu inanichemka. Bibi aliifunga ile pamba kwenye ngumi za mtoto kwa vitambaa, zikawa kubwa kama mapapai. Mimi nililala kando yake ili nimzuie asiing'oe kwa meno.

“Yaya, nikune,” alikuwa akiniambia mimi dada yake mkubwa. “Nikune kidogo tu.”

Sikumkuna. Nilimpulizia mgongoni, nikampulizia mpaka nikaona kizunguzungu, na nikiacha tu analia tena.

Tangu asubuhi vilipoonekana vipele, kinu chetu kilikuwa kimelazwa ubavu nyuma ya nyumba. Ndivyo walivyofanya watu wa kwetu. Nyumba yenye ugonjwa wa vipele haitwangi. Walisema kila pigo la mchi linamwangukia mgonjwa kichwani na kuurudisha ugonjwa ndani ya mwili, na kinu hakisimamishwi tena mpaka gaga la mwisho lidondoke lenyewe. Hakuna aliyepita akitangaza. Kila asubuhi kijiji kizima kilitwanga, na majirani walisikia tu nyumba ipi imenyamaza, wakajua, wakawazuia watoto wao wasiingie pale.

Jirani yetu wa upande wa mto alikuwa wa kwanza kujua. Alikuwa Mwislamu, sisi Wakristo wa misheni, lakini yeye na mama waliitana dada na kweli walikuwa dada. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike, aliyempata baada ya kukaa muda mrefu bila mtoto, na alimbeba kila mahali kana kwamba akimweka chini mtu atamwiba. Kila siku alitutwangia mchele, akauweka katika ungo mwisho wa uwanja wetu, akapiga makofi ya kubisha, akaondoka. Hakuvuka mwisho wa uwanja hata mara moja. Sisi tulikula kwa mikono yake.

Kisha kapita akapita jioni akitangaza kwamba kesho muganga anakuja kukagua, kila mtu abaki kwake. Kapita huyu alikuwa mtoto wa kijijini, amekula sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwenye sahani ya bibi yangu alipokuwa mdogo. Alijua desturi zetu zote. Muganga alikuwa mgeni, hakujua chochote, lakini alikuwa na masikio ya kapita.

Mama alikwenda nyuma ya nyumba akarudi anabingirisha kinu.

“Unataka kufanya nini?” bibi aliuliza.

“Kesho nitatwanga, mama.”

“Ukitwanga, hii ugonjwa itarudi ndani. Utamuua mutoto.”

“Nisipotwanga, kapita atasikia nyumba yetu imenyamaza. Atamwambia muganga aanzie hapa. Watamubeba, mama. Watamubeba, na miye nitaenda kuweka chakula juu ya jiwe.”

Bibi alikaa na mgongo wake kwetu usiku kucha, na ingawa alikuwa anampenda mama, nadhani usiku ule alimchukia.

Asubuhi mama alitia mpunga kinuni, mpunga wa kweli, kwa sababu kinu kitupu kina sauti yake na kila mwanamke anaijua. Mimi niliwekwa kitandani na mdogo wangu, mlango ukafungwa nusu. Niliambiwa nimzibe masikio. Mama alipiga mchi wa kwanza, na mtoto akashtuka mwili mzima. Nilibana viganja vyangu masikioni mwake. Kila pigo nilimtazama usoni nione kama ugonjwa unarudi ndani, maana nami niliamini. Namna nilivyoogopa siwezi kuieleza.

Nikasikia viatu uwanjani.

“Hapa kuko mugonjwa?” Hiyo ilikuwa sauti ya muganga.

“Hakuna, muganga,” mama alisema bila kuacha kutwanga. “Munatuona tuko tunatwanga.”

Sijui kapita alitazama nini wakati ule, kinu, au mlango, au uso wa bibi. Baadaye nilimsikia akisema, “Hawa wanatwanga. Twende nyumba ingine.” Labda alidanganyika. Labda alikumbuka ile sombe. Sikuwahi kumuuliza na sidhani kama alistahili kuulizwa.

Wakaenda nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama aliendelea kutwanga, kwa kuwa angeacha ghafla ingekuwa ajabu. Jasho na machozi vilikuwa vinamtiririka pamoja.

Ndipo jirani yetu akaja akikimbia.

Hakusimama mwisho wa uwanja. Alipita moja kwa moja, mtoto wake mgongoni, uso wote umefunguka kwa furaha. “Dada! Mungu ni mukubwa! Nimesikia kinu!” Akaingia ndani. Mle ndani mlikuwa na giza, na mdogo wangu alikuwa mweupe kwa udongo, lakini vipele bado vilikuwa vibichi, mtu angeangalia vizuri angeviona. Hakuangalia vizuri. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kumwambia kwamba gaga la mwisho limedondoka. Akakaa kitandani petu, akamfungua mwanawe, akamlaza kwenye yale majani ya mgomba. Mdogo wangu, aliyekuwa amechoka kuona sura zetu sisi tu, alifurahi kupita kiasi. Vile vitambaa vya mkononi alikuwa amekwisha kuving'oa. Alimshika mtoto mashavu yote mawili, akamlalia usoni.

Mama alisimama mlangoni na mchi mkononi. Nilimwona akifungua mdomo. Nje sauti ya muganga ilisikika waziwazi, alikuwa anafokea mtu. Jirani yetu hakuwa mtu wa sauti ndogo. Angeambiwa ukweli, angepiga ukelele na kumnyakua mwanawe, mama yeyote angefanya hivyo, na ukelele ule ungewarudisha wale watu uwanjani petu. Mama alifunga mdomo. Bibi alimtazama. Mama akarudi kwenye kinu akatwanga.

Mdogo wangu alipona. Magaga yalikauka, yakadondoka, yakamwachia kovu moja juu ya nyusi. Ilikuwa tetekuwanga kweli, na haikurudi ndani. Tulianza kusahau kwamba alikuwa mgonjwa. Basi asubuhi moja mama alikuwa anafagia, na kijiji kizima kinatwanga, akasimama na ufagio mkononi, akageuza kichwa kuelekea upande wa mto. Kule kulikuwa kimya.

Alitwanga mchele kutoka kulipokucha mpaka jua likawa kali. Akaupeleka katika ungo, akauweka mwisho wa uwanja wa jirani, akapiga makofi, akaondoka. Alifanya hivyo kila siku. Mara ya mwisho alipokwenda aliukuta ungo wa jana pale pale, haujaguswa, na akapiga magoti njiani.

Yule mtoto alikuwa mdogo mno. Alizikwa siku hiyo hiyo, katika sanda iliyokuwa ndogo kama kitambaa cha mkono. Kwenye matanga mama alikaa chini karibu na rafiki yake, na nadhani alikuwa amekuja kusema yote. Jirani alimshika mkono. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

“Dada,” alisema, “miye nilisikia kinu.”

Mama akainamisha kichwa.

Waliendelea kuitana dada. Waliendelea kuchota maji pamoja. Lakini asubuhi mama akisimamisha kinu na kupiga pigo la kwanza, jirani alikuwa anatoka mlangoni kwake, anasimama, anauliza kwa sauti ya upole kutoka kule kule:

“Dada, iko kweli?”

“Iko kweli, dada,” mama alikuwa anajibu.

Alijibu hivyo kwa muda. Halafu siku moja aliulizwa, akaegemeza mchi ukutani, akaingia ndani. Tangu hapo nyumbani kwetu tulikula mihogo ya kuchoma.