Kitako cha Bakuli la Bibi

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vifaa pale Lindi mjini kutafuta kitu cha kunolea patasi, nikatoka na jambo ambalo sikuwa nimeliendea. Kaa nikusimulie, upate kujua kwa nini mtu mzima kama mimi alisimama barabarani jua la saa saba akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Patasi zenyewe ni tatu, nimeachiwa na babu yangu mzaa mama. Si zile bapa za milango. Hizi makali yake yamepinda kama ukucha, na kazi yake kwa babu ilikuwa kuchimba mashimo ya bao. Babu alichonga mabao ya kete kwetu Miteja, na watu walikuja kuyachukua hata kutoka Njinjo. Alikuwa akisema shimo likikwaruza vidole, mchezaji aliyefungwa hamlaumu aliyemfunga, anamlaumu fundi.

Patasi ya mviringo ina tabu yake katika kunoa. Upande wa nje unaupitisha kwenye jiwe bapa huku ukiviringisha mkono, basi. Kazi iko ndani. Ukishanoa nje, chuma hujikunja kwa ndani kikawa kiuzi chembamba, hukioni ila ukikipapasa kwa kidole gumba, na usipokiondoa patasi itachana mbao badala ya kuikata. Jiwe bapa haliingii humo. Kunatakiwa kinoo chenye mgongo wa mviringo, na babu alikuwa nacho kimoja, chembamba kama kidole cha mwisho, alichopewa na fundi aliyemfundisha kazi. Alikiviringisha katika kitambaa, kitambaa akakitia koponi.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne, na Ramadhani iliangukia masika. Babu alikuwa na hasimu wake wa bao, mzee waliyetaniana na kufungana tangu ujana wao. Mzee huyo aliugua miguu, binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Mtanda, kule Lindi. Zikaja salamu kwamba anashinda ndani, hana wa kucheza naye wala bao lenyewe. Babu hakuuliza kama anataka bao la namna gani. Alisema mgonjwa haulizwi uji, akachagua ubao wa mninga aliokuwa ameuweka miaka, akaapa utafika Mtanda kabla ya Idi. Sisi wote tulijua kwamba Idi nyingine huenda isimkute yule mzee.

Sasa njoo kwenye kosa langu. Kila alasiri bibi alikuna nazi ya muhogo wa kufuturu, na siku hizo mbuzi yake ilikuwa butu. Alilalamika kwamba mbuzi huyu hana meno, nazi anainyonya tu. Mimi nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha. Babu alikuwa msikitini. Nikatoa kinoo koponi, maana kilikuwa chembamba cha kupita vizuri kati ya jino na jino la mbuzi, nikaanza kunoa. Jino la nne lilikibana. Nilipokivuta kwa nguvu kikakatika, kikaanguka sakafuni, vikawa vipande vitatu.

Babu aliporudi sikukimbia. Hakunipiga. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga katika kitambaa chake, akasema neno moja tu, "Haya." Ningependa anichape. Usiku huo futari haikunipita kooni, na uliofuata pia.

Kukawa na kazi ya kuchagua cha kunolea, na kila mtu mtaani akawa mtaalamu. Fundi baiskeli alileta tupa ya duara. Babu alijaribu, akatikisa kichwa: inatafuna chuma, inaacha mifereji. Jirani yetu mvuvi akaleta jiwe lake la visu, zuri, lakini bapa. Kipande cha tumbawe kilikuwa na mgongo mzuri wa mviringo, ila kikali kuliko tupa. Msasa tuliuzungushia mpini wa mwiko, na huo karibu ufae, lakini babu alisema unayalaza makali badala ya kuyasimamisha. Huku bao limefika nusu, mashimo kumi na sita yamelainika na mengine bado hayajaanza. Kwenda madukani Lindi hakukuwezekana, mvua zilikuwa zimekata barabara. Idi ikabaki siku nne. Babu akaanza kukaa tu mbele ya ule ubao, mikono magotini, nami nikawa napita nyuma ya nyumba nisimwone.

Bibi yangu alikuwa na mabakuli mawili ya kaure, meupe yenye maua ya buluu, aliyokuja nayo alipoolewa. Moja la babu, moja lake. Vyombo vya kila siku vilikuwa bati na plastiki. Yale yalishuka kabatini siku ya Idi tu, kwa tambi. Kitako cha bakuli la kaure kina ukingo mkavu usiong'aa, na siku hizo za Idi bibi aliligeuza akapitisha kisu chake cha vitunguu mara mbili tatu, kikapata. Mchana mmoja wa siku zile nne aliniita jikoni. Alikuwa amelishusha lake, ameliviringisha katika kanga. Akalipiga kwa mchi, pigo moja. Nilishika mdomo.

"Usinitolee macho," aliniambia. "Lilikuwa na ufa tangu mwaka jana. Lingevunjika lenyewe."

Alichagua kigae chenye kipande cha ule ukingo, akanituma nikipeleke mwenyewe. Katika giza la mawingu ya masika babu alikilowesha, akakipitisha ndani ya patasi taratibu, kisha akajaribu makali kwenye vinyweleo vya mkono wake. Vikanyoleka vyote. Akaniangalia kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, akasema, "Shika taa hapo, mjukuu wangu, tunachelewa." Nikaishika huku nalia kwa furaha.

Barabara ilifunguka siku moja kabla ya Idi, na bao likapanda basi kwenye mapaja ya babu. Aliporudi alisema amefungwa mara tatu mfululizo na mgonjwa, na sijapata kumwona mtu aliyefurahia kufungwa kama yeye. Yule mzee hakuufikia msimu wa korosho. Bibi alikula tambi zake za Idi katika sahani ya bati, mwaka ule na miaka yote niliyomjua, akisema bati linatunza joto. Hata mtoto anajua bati halitunzi joto.

Basi wiki hiyo iliyopita nilikwenda Lindi kwa sababu kigae kimelainika, hakishiki chuma tena. Nachonga vijibao kwa ajili ya wajukuu, ingawa wao wanacheza bao la kwenye simu. Kijana mwenye duka alinitandikia mawe ya kila namna, na mashine ya umeme juu. Nikamtolea kigae aone mviringo ninaoutaka. Mama yake, anayeuza vyombo upande wa pili wa duka hilo hilo, alikichukua akakigeuza kwenye mwanga. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba lilikuwa bakuli la bibi, lilivunjwa kwa kuwa lilikuwa na ufa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ufa wa zamani huingia mchuzi na chai, ukawa mstari wa kahawia. Hapa lilipovunjika ni peupe kote. Bakuli hili lilikuwa zima."

Nililipa kinoo nikatoka upesi. Babu hayupo, bibi hayupo, na pale jikoni Miteja pameota mpapai. Lakini sauti ya bibi ninayo, akitukanya sisi wajukuu kila mwezi mtukufu: uongo ni panya wa saumu, unaitafuna huuoni. Mwanamke huyo huyo alidanganya mchana wa Ramadhani, midomo imemkauka kwa kiu, ili mimi niweze kula.