Jina Lisilopigiwa Chafya

Nikiwa mtoto kule Kesses, kabla hatujahamia Eldoret mjini, niliamini kwamba marehemu anaweza kukushika kichwa akakizungusha.

Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja letu lilikuwa gogo la mkaratusi. Siku moja ya mvua niliteleza pale, nikajishikilia kwa nyasi. Sikuumia. Lakini tangu hapo, nikilikaribia tu gogo, moyo ulinienda mbio na mto mzima ukaanza kuzunguka. Nikagoma kuvuka.

Mama aliona ni uvivu. "Wenzako wote wamevuka. Ni wewe tu kichwa inazunguka?"

Kwetu mtoto wa kike akizaliwa, akina mama humwitia majina ya wanawake wa ukoo waliokufa. Akipiga chafya, jina lililotajwa ndilo lake. Mimi nilikawia, basi Senge, dada ya baba, akanipulizia ugoro. Sasa alianza kuniambia kwamba huenda chafya ile ilikuwa ya ugoro tu, nikapewa jina la marehemu asiyenitaka.

"Mwenyewe amekasirika. Akichoka kukuzungusha, atakutupa kwa maji."

Ningefanyaje? Hata nikikaa jikoni, sakafu ilicheza. Niliogopa kizunguzungu, na kadiri nilivyokiogopa ndivyo kilivyokuja.

Kogo, yaani bibi yangu, alipopata habari alikuja akaniitia majina upya, bila ugoro. Nilijikaza nipige chafya, wapi! Majina yakaisha. Nilitetemeka, nikijua sasa hakuna anayenitaka.

"Basi chukua langu," Kogo akasema. "Mimi niko hai, siwezi kukuangusha."

Senge aliruka. "Mama! Ya mtu hai haipeanwi!"

Kogo alinishika mkono mpaka mtoni. "Angalia mgongo yangu, wachana na maji." Tukavuka polepole, na mto ukabaki mahali pake.

Kizunguzungu kilinirudia ukubwani. Daktari mmoja hapa mjini alinipima masikio, akanieleza kwamba ni mazima, ila wasiwasi na kizunguzungu huchocheana. Namwamini, na mazoezi aliyonipa yananisaidia.

Lakini nikikumbuka siku ile, nakumbuka mkono wa Kogo. Ulitetemeka kuliko wangu. Kwa miaka nilidhani aliogopa maji. Leo najua aliamini kabisa, kama Senge, kwamba mtu anayetoa jina lake akiwa hai anajiitia kifo. Aliamini hivyo, na bado akanipa.