Punje za Ukingoni

Alhamisi moja mwaka huu, binti aliyekaa benchi la tatu alinyoosha mkono akaniuliza, "Madam, mbona vipande vya pembeni ni vikubwa kuliko vya katikati?"

Nilikuwa nimechora duara ubaoni, nikalikata kwa miduara midogo na mistari inayotoka katikati, likawa kama utando wa buibui. Ni mchoro ninaouchora kila mwaka kwenye chuo ninachofundisha hapa Songea, tukifika mada ya intigrali mbili kwa kodineti za pola. Binti wa watu aliuliza swali zuri, tena kwa heshima. Mimi nikawaambia kipindi kimekwisha, wakati zilikuwa zimebaki dakika ishirini, nikatoka na chaki mkononi.

Swali hilo nilishaulizwa zamani, kwa maneno yale yale, na mdogo wangu wa kiume. Sasa ni marehemu.

Hesabu yenyewe haitishi kama watu wanavyodhani. Ukitaka ujazo wa kitu kilichokaa juu ya duara, tuseme lundo la mahindi, unalikata vipande vyembamba, unatafuta ujazo wa kila kipande, halafu unajumlisha vyote. Duara ukilikata kwa miraba linakusumbua. Kwa hiyo unaanzia katikati, na kila sehemu unaitaja kwa vitu viwili: umbali wake kutoka hapo katikati, tunaouita r, na pembe yake, theta. Kazi inakuwa nyepesi mno. Ila kuna jambo moja usilopaswa kulisahau hata ukiamshwa usingizini: kabla ya kujumlisha, unazidisha kwa r. Mimi nililisahau, na nikamfundisha mtu mwingine kulisahau.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili, anasomea uhandisi Mbeya. Mwezi wa nane alikuja nyumbani Mshangano na sapu ya hesabu, mtihani wa kurudia. Akifeli tena anadisko, kama wanavyosema wenyewe. Yaani masomo ndiyo basi. Mimi wakati ule nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza na cha pili, na intigrali mbili nilikuwa sijazigusa tangu nihitimu. Madaftari yangu ya chuo yalikuwa ndani ya boksi kwenye chumba nilichopanga Lizaboni.

"Dada, tungeyapitia kwanza," aliniambia.

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo, na ualimu ulizinenepesha. Nikamuuliza kama anadhani degrii yangu niliiokota. Baba alikuwa amekaa barazani akatusikia, akamwambia, "Dada yako akikufundisha, fuata. Usibishane naye." Kwetu ndivyo ilivyo: mdogo hambishii mkubwa. Hata akiona mkubwa amepotea, ananyamaza, anamwachia ajione mwenyewe.

Basi nikachomeka kigingi katikati ya ua, nikafunga kamba, nikachora miduara kwenye udongo, kisha nikapitisha mistari. Pembeni yetu mama alikuwa anachambua mahindi tuliyokuwa tumeyapukuchua jana yake, yameanikwa kwenye turubai. Mdogo wangu akachota punje, akachuchumaa, akaanza kuzipanga ndani ya mchoro wangu. Kipande cha karibu na kigingi kilijaa kwa punje tatu. Cha ukingoni alimwaga kiganja kizima, na nafasi ikabaki. Akainua uso.

"Dada, mbona vipande vya pembeni ni vikubwa kuliko vya katikati?"

Jibu lote lilikuwa pale chini, limepangwa kwa mahindi. Kadiri unavyokwenda mbali na katikati ndivyo kipande kinavyopanuka, na kupanuka huko ndiyo ile r. Alikuwa ameiona kwa macho yake bila kufundishwa na mtu.

"Umekuja kusoma au kuchezea mahindi?" nikamwambia. "Kipande ni dr mara d-theta, upana mara pembe, hakuna kingine. Fuata unachoambiwa."

Akapangusa viganja kwenye suruali. "Sawa, dada."

Tukafanya swali moja ambalo alisema mwalimu wao hakosi kulitoa: ujazo ulio chini ya umbo la tisa kutoa r kipeo cha pili, lililosimama juu ya duara la nusu kipenyo tatu. Kwa njia yangu tulipata pai thelathini na sita. Nikamrudisha mara tatu, mpaka akalifanya bila kuangalia popote. Nilijisikia mwalimu kwelikweli siku hiyo.

Alifeli kwa alama tatu.

Aliporudi nyumbani na begi lake alikaa sebuleni mbele ya baba na mama akasema, "Sikusoma. Nilizembea." Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyeongeza. Nilisimama nikamsema kuanzia juu mpaka chini, kwamba nimemfundisha mpaka koo likakauka, kwamba ametutia aibu, kwamba mtu wa kuchezea mahindi aende akalime. Alikuwa anaangalia sakafu. Nilipomaliza akasema, "Sawa, dada."

Akaenda kulima kweli. Rafiki yake wa chuo alikuwa mtu wa Nakapanya, kwao wana mikorosho, wakampokea. Alikaa huko misimu miwili. Malaria ikamchukua kwa siku tatu.

Mzee wa nyumba ile ndiye aliyeuleta mwili, pamoja na kimfuko cha vitu vyake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka, akakaa na baba mkekani. "Wallahi tulikaa naye kama mwanetu," alisema. "Hana makuu. Tukipumzika shambani, yeye anachorachora mchangani. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Anachora nini?" nikamuuliza.

"Miduara tu, mwanangu."

Wakati huo sikuelewa. Mwaka uliofuata nilipata kazi hapa chuoni, na nilipokuwa naandaa somo la intigrali mbili nikafungua kitabu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nikaiona r. Nikachukua karatasi nikalifanya upya swali letu la uani. Jibu likaja pai arobaini na nusu. Nikalirudia. Likaja lile lile. Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na nikasikia mtu anasema "Sawa, dada" kwa sauti ya upole, karibu kabisa na sikio langu.

Tangu hapo ananifuata. Sisemi mzimu, sisi ni watu wa misa na kila mwaka tunamwombea. Lakini ndoo ikiacha alama ya duara sakafuni naifuta upesi kwa kanga. Ungo wa mama siwezi kuukalia karibu. Chaki ikilia ubaoni namsikia. Na kilichokuwa kinanitafuna hasa si kosa lenyewe, ni kutojua kitu kimoja: je, alikufa akijua kwamba ni mimi niliyemfelisha? Daftari lake la hesabu, lililorudi ndani ya kile kimfuko, lilikuwa kwenye sanduku la bati, chumbani kwa mama. Miaka yote hiyo sikuthubutu kuligusa.

Jumamosi baada ya swali la yule binti nikaenda Mshangano. Nilimwamkia mama, nikapitiliza chumbani, nikafungua sanduku kabla ujasiri haujaniishia.

Nililikuta swali letu ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Juu lilikuwa jibu langu, pai thelathini na sita, limekatwa kwa mstari mmoja, taratibu, kwa rula. Chini yake amelifanya upya, na r ameizungushia duara. Pai arobaini na nusu. Pembeni ameandika tarehe, na tarehe hiyo naijua. Ni siku ya mtihani wake; lazima alilifanya akishatoka mtihanini.

Kwa hiyo alipokaa sebuleni akasema amezembea, alikuwa anajua. Nilipokuwa namsema, alikuwa anajua.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Umelifungua," akasema.

"Mama, alijua."

"Alijua. Aliniambia jioni ile ile, ulipomaliza kumgombeza. Akasema, 'Mama, dada asiambiwe. Akijua, hatasimama tena mbele ya ubao.'"

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii?" Nilipandisha sauti, nilimfokea mama yangu mzazi.

"Aliyenikataza amekufa," mama akasema. "Ningemwomba nani ruhusa?"

Nililia mpaka kanga ikalowa. Mama alinikalia karibu, hakuninyamazisha.

Jumatatu nikaingia darasani na mfuko wa mahindi ya nyumbani. Nikachora utando wangu juu ya meza kwa chaki, nikamwita yule binti wa benchi la tatu, wenzake wakazunguka. Punje tatu zikajaza kipande cha katikati. Cha ukingoni akamwaga kiganja kizima, na nafasi ikabaki. Akaniangalia.

"Kwa hiyo swali langu lilikuwa la maana, madam?"

"Ulikuwa sahihi," nikasema. "Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

"Hukukosea, madam," akasema, ameduwaa. "Hukujibu tu."

Darasa likacheka. Niliwaacha wacheke mpaka wakamaliza, kisha nikageukia ubao nikaandika r, kubwa, nikaizungushia duara.